Dobi Aliyelifua Gitaa Likapoteza Miaka Yake

Saa moja na nusu asubuhi, pasi haijapata moto bado, dobi ameketi juu ya kapu la nguo lililofudikizwa na anachovya vidole vinne kwenye kisahani cha mafuta ya kukaangia.

Anavitazama. Anavipangusa kidogo kwenye ukingo wa kisahani, kwa adabu, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Kisha anaviweka juu ya nyuzi nne nene za gitaa lililolala mapajani mwake, na kuanza: dum, dum, du-dum.

Hatua tano kutoka hapo yananing'inia mashuka meupe thelathini na sita ya nyumba ya wageni. Kati ya mafuta na mashuka amesimama mkewe. Amekunja mikono na kukaza uso kama askari wa getini.

"Ukitaka kuinuka, sema," anamwambia. "Ukitaka kupiga chafya, sema. Pua ikikuwasha, niite nikukune mimi. Mikono hiyo isivuke mstari huu."

Mstari wenyewe ameuchora sakafuni kwa chaki ya kushonea.

"Nimekusikia, mke wangu."

"Hata Jumanne ulinisikia. Vitambaa vya meza kumi na kimoja vikarudi."

Dobi anainama juu ya nyuzi zake. Vitambaa hivyo vilirudishwa na mkahawa mmoja, kila kimoja kikiwa na alama ya vidole vinne, zimepangana vizuri pembeni kama mhuri wa serikali. Mkahawa umeshatafuta dobi mwingine, na robo ya kazi ya wiki imeondoka nao.

Leo ni Ijumaa ya sita, na ndiyo ya mwisho. Saa nne atakuja bibi mmoja mjane, atakaa kwenye benchi la wateja, atafumba macho na kusikiliza. Akiridhika na anachokisikia, gitaa ni la dobi. Asiporidhika, litachukuliwa na mpwa wake, kijana wa makamo mwenye mawazo mengi, anayetaka kulitoboa, kupitisha waya na kulifanya taa ya sebuleni.

"Taa," anasema dobi, na neno lenyewe linamtoka kama mchanga aliouuma kwenye wali. "Balbu hapa, kofia ya taa huku juu. Gitaa la miaka hamsini na tisa!"

Ana umri wa miaka hamsini na minne, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameitumia kuondoa uchafu wa watu wengine. Shati lake halina mkunjo hata mmoja. Ukisimama mbele yake atakutazama kola kabla hajakutazama usoni, na majirani wanasema akikusalimia unajihisi umeshalowekwa.

Kwa siku anafua mashuka kati ya sitini na themanini na kunyoosha mashati arobaini. Mkewe anashika kaunta: anapokea, anaandika tiketi, anashona vifungo na zipu. Kipato chao, kwa maneno ya mke, "kinatosha kula, na kinabaki kidogo cha kugombania."

Hicho kidogo ndicho kinachokwenda kwenye magitaa ya besi ya umeme.

Si magitaa yoyote. Mapya hayataki hata kwa bure. Anataka yale ya zamani, yaliyochongwa na watu ambao leo ni wazee au marehemu, mazito kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala. Mpaka wiki saba zilizopita alikuwa nayo sita. Moja lina shingo iliyovunjika ikaungwa. Jingine halitoi sauti kabisa, "lakini lina sura." La tatu hulia likipenda, hasa siku za mvua.

Ukimuuliza bei hakutajii fedha, anakutajia mashuka. La pili lilimgharimu mashuka mia tatu na arobaini. La tano, alilolitoa kwa fundi redio mmoja mwenye moyo wa jiwe, lilikula mashuka mia tisa, "na hapo sijakuhesabia foronya."

Mapenzi yalianza ujanani, alipokuwa akipiga pasi nyuma ya ukumbi wa hoteli. Bendi ilifanya mazoezi upande wa pili wa ukuta.

"Gitaa la solo sikulisikia," anasimulia. "Mwimbaji sikumsikia. Lakini meza yangu ya pasi ilikuwa inatetemeka. Nikauliza, ni nini hiki? Wakaniambia ni besi. Sikio unaweza kulidanganya, ndugu yangu, tumbo hulidanganyi. Nilikuwa nakunja suruali kwa mdundo ule, na sijawahi tena kunyoosha suruali kama zile."

Baadaye hoteli iliona bendi inakula sana, ikaleta mashine ya muziki isiyokula. Vyombo vikauzwa pamoja na viti vibovu. Dobi akaomba besi, akalipa kwa kufua mapazia ya ukumbi mzima, mara mbili.

Na kupiga je, anajua?

"Najitahidi," anasema.

Mkewe, kwenye mstari wake wa chaki, anakohoa.

Kwa miaka minne ya mwanzo mama huyu hakujua lolote. Magitaa yalikaa kwenye mifuko ya suti, yamening'inizwa kwenye bomba pamoja na makoti ya wateja, kila moja na tiketi yake. Sasa, mume wa mtu akianza kujifungia dukani kila jioni na kutoka akiwa na tabasamu, kwa kawaida kilichomo humo ndani si gitaa. Mkewe naye aliwaza hivyo hivyo. Jioni moja aliusukuma mlango ghafla, akamkuta bwana amefumba macho, amekumbatia.

"Nilisimama pale nikalitazama lile dude," anakumbuka. "Nikamwambia, baba watoto, heri ingekuwa mwanamke. Mwanamke angetusaidia kukunja mashuka."

Mtaa mzima ulijua siku bwana harusi mmoja alipopewa mfuko usio wake. Aliufungua saa moja kabla ya ndoa. Alirudi mbio, kaptula na soksi nyeusi, gitaa begani, watu wakimpisha njia.

"Hakukasirika sana," anasema dobi. "Aliniuliza tu kama linakwenda na tai ya bluu."

Bibi mjane anayesubiriwa leo anakaa ghorofa ya pili, jengo la pili kutoka dukani. Ana miaka sabini na minne. Amekuwa mteja kwa miaka ishirini na miwili, kila Ijumaa, mashuka mawili na foronya nne. Miaka mitatu iliyopita foronya zikawa mbili. Dobi hakuuliza. Alizikunja vizuri zaidi kuliko kawaida, akampa pole, akamwandikia tiketi.

Marehemu mumewe alikuwa mpiga besi, mtu mkimya, wa kusimama nyuma ya bendi kana kwamba amekuja kurekebisha umeme. Alilinunua gitaa lake akiwa na miaka ishirini, likiwa tayari limetumika, na akalipiga mpaka alipofariki akiwa na sabini na miwili.

Wiki saba zilizopita bibi aliingia dukani bila mashuka.

"Shikamoo, mama," dobi akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nahamia kwa binti yangu. Chumba kimoja. Mimi na sanduku langu tunaenea, gitaa halienei. Nasikia unayafuga."

"Nayahifadhi, mama."

"Kufuga, kuhifadhi, yote yanakula. Haya, sikiliza. Fedha sitaki. Lakini kabla sijahama nataka nimsikie tena. Wenzake waliobaki ni wawili, mmoja hasikii na mwingine hasimami. Utapiga wewe. Nikimsikia mume wangu humo ndani, lichukue. Nisipomsikia, basi limebaki ubao, nitampa mpwa wangu atie balbu yake."

Dobi alilipokea kwa mikono miwili, limeviringishwa kwenye blanketi. Jioni ile hakula. Alilifunua, akalizunguka, akalizunguka tena. Lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, limechubuka mahali mkono wa mtu ulipoegemea miaka yote. Chini ya nyuzi, karibu na mwisho, kulikuwa na soksi iliyosokotwa na kubanwa ili sauti isisambae. Na nyuzi zenyewe zilikuwa nyeusi tii, zinanata, kama kamba ya ndoo ya kisimani.

Hapo ndipo lilipotokea lililotokea.

Anayekusanya magitaa ya zamani anajua sheria ya kwanza: usioshe. Dobi anaijua kuliko wote. Ameshawahi kumgombeza mtu kwenye simu nusu saa nzima kwa kulisugua gitaa la babu yake kwa sabuni.

"Nilijua," anakiri. "Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini yule ni mteja wa miaka ishirini na miwili. Kitu chake hakijawahi kutoka kwenye duka hili kikiwa kichafu, hata leso. Nikajiuliza, nitampelekea mbele ya macho yake weusi ule? Ataniona dobi wa namna gani?"

Basi alizifungua nyuzi zote nne. Akazitia kwenye sufuria ya kuchemshia kola, na magadi kijiko kimoja, dakika arobaini. Maji yakawa kama kahawa. Akayamwaga, akatia mengine. Akasuuza mara mbili, akazianika kambani, kila uzi na vibanio vyake.

"Nikafikiri ni mishipi ya mtu maskini sana," anasema mkewe.

Soksi nayo haikusalimika. Aliifua, akaitia wanga, akaipiga pasi.

Alipozirudisha nyuzi, ziling'aa kama vijiko vya harusi. Akagusa uzi mmoja. Gitaa, ambalo kwa nusu karne lilikuwa likinguruma kama mzee anayesinzia, likalia kama kengele ya shule.

"Nikalifunika haraka kwa blanketi lake," anasema.

Ijumaa ya kwanza bibi alikuja, akakaa, akafumba macho. Dobi akapiga wimbo wa marehemu, ule ambao kila aliyekuwa akipita chini ya dirisha lao la ghorofani anaujua. Hakufika mbali. Bibi alifumbua jicho moja.

"Huyu nani?"

"Ni yeye, mama."

"Si yeye. Huyu kijana. Huyu hajanioa. Huyu hata ninapokaa hapajui."

Dobi aliweka gitaa chini. Kijasho chembamba kilimtoka, na watu wanaofanya kazi kwenye mvuke hawatokwi jasho ovyo.

"Nilizifua nyuzi, mama. Nisamehe."

Bibi aliinama, akazitazama nyuzi zile zinazong'aa.

"Umemfua mume wangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa magadi?"

"Kijiko kimoja tu."

"Hakuzibadilisha nyuzi zile maisha yake yote. Mafuta ya chakula, jasho la kumbi, vumbi la safari, vyote vimo humo. Nikimwambia badilisha, ananiambia, nikibadilisha nitaanza upya na nani?" Akainuka, akachukua foronya zake mbili. "Nahama baada ya wiki tano. Wewe ndiye uliyemtoa miaka yake. Mrudishie."

Ni rahisi kusema. Dobi alikaa na gitaa lile kila asubuhi na kila mchana, akapiga mpaka ncha za vidole zikavimba. Nyuzi zikabaki zinang'aa. Miaka thelathini na mmoja ya sabuni ilikuwa imemkausha mikono, haina mafuta hata ya kuchafua kitasa cha mlango.

Ijumaa ya pili bibi alitikisa kichwa. "Ameshaniona. Ananitongoza. Lakini ana haraka mno."

Wokovu ulitoka jikoni.

Mama mkwe wa dobi, mjane naye, anaishi nao. Kila alasiri hukaanga viazi na kuviuza dirishani upande wa nyuma, na mikono yake, kwa hesabu ya binti yake, haijakauka tangu binti huyo alipoota meno. Alisikia maneno ya dukani, akauliza kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta, "Kwani nyumba hii inakosa mafuta?"

Lakini mkwe ni mkwe. Mwanamume mwenye adabu hawezi kumwendea mama wa mkewe akamwambia, hebu nishikie hapa kwa mikono yako ya mafuta. Ikabidi mke asimame katikati ya mlango.

"Mwambie mama, kama hatajali…"

"Mama, anasema kama hutajali…"

"Nimemsikia, mimi si kiziwi. Mwambie alilete, na yeye atoke nje. Mkono mtupu haulambwi, na mkono mkavu hauchafui kitu."

Tangu siku ile, kila alipomaliza kukaanga, bi mkubwa huyo aliketi kwenye kigoda na gitaa, wakati dobi amesimama uani amegeukia ukuta, kwa heshima. Siku ya nne aligeuka bila kujijua. Mle jikoni ulikuwa unatoka mdundo ambao yeye anautafuta mwaka wa kumi sasa.

"Nina magitaa saba na mkwe mmoja," anasema kwa huzuni, "na mwenye kipaji ni mkwe."

Ijumaa ya tatu bibi mjane alipiga benchi kwa kiganja. "Amenioa! Wiki hii hii. Bado anavaa viatu vipya."

Ijumaa ya nne alicheka mpaka akafuta macho. "Tumepata mtoto wa kwanza. Msikilizeni, hajalala siku tatu."

Wateja wakaanza kuzipanga nguo zao chafu zifike Ijumaa, saa nne. Watu waliokuwa wakileta shati moja kwa mwezi walileta moja kila wiki, ili wajue ndoa imefikia wapi.

Ijumaa ya tano hakucheka mtu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, uso umekaza.

"Huyu ana miaka thelathini na minane. Anasafiri na bendi. Anarudi Jumapili, Jumatatu hayupo. Aliuza kabati langu, huyu. Simpendi." Akaondoka bila kuaga, na foronya zake akazisahau.

Dobi alipiga hesabu pale pale, nyuma ya tiketi. Marehemu alifariki akiwa na sabini na miwili. Zimebaki siku saba. Miaka thelathini na minne kwa siku saba.

Ndipo nyumba nzima ikaingia wazimu. Gitaa liliwekwa dirishani kwenye viazi, na mteja hakupewa kitu mpaka apige nyuzi dakika mbili kwa mkono aliolia chakula, bila kunawa.

"Anayetaka chumvi zaidi, dakika tatu!" mama mkwe alitangaza.

Dobi mwenyewe alichovya asubuhi, akachovya mchana. Na Jumanne, akili yote ikiwa kwenye gitaa, alisahau glavu zake za mpira na kwenda kukunja vitambaa vya meza vya mkahawa. Vyote kumi na kimoja.

"Nimepoteza mteja mkubwa kwa sababu ya uchafu," anasema. "Mimi. Ukimwambia mtu anayenijua, atakwambia umelewa."

Saa nne kasoro dakika tano, bibi anaingia. Amevaa gauni la kutokea. Nyuma yake ni mpwa, na kwapani amebana kofia ya taa ya kitambaa cha manjano. Amekuja kuijaribisha kama itakaa vizuri juu ya shingo ya gitaa. Dobi anaiangalia kofia ile jinsi kuku anavyoangalia kisu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Piga, mwanangu. Lori linakuja Jumatatu."

Anafumba macho. Mke anazima pasi. Mama mkwe anachungulia kwa nyuma, kijiko cha mafuta mkononi. Wateja tisa, kila mmoja na kifurushi kisicho na haraka, wanasogea karibu.

Dum, dum, du-dum.

Sauti inatoka nzito, ya chini, kama mtu anayeburuta kiti polepole asiamshe watoto. Meza ya pasi inaanza kutetemeka. Uso wa bibi haubadiliki. Ila mkono wake wa kulia unasogea juu ya benchi, unalipapasa pale pembeni yake, unalifuta, kama anayemwandalia mtu nafasi ya kukaa.

"Hapo," anasema. "Hapo hapo. Simama."

Dobi anasimamisha nyuzi kwa kiganja. "Amefika mingapi, mama?"

"Arobaini na mitatu."

Mpwa anaipangusa vumbi kofia yake. Dobi anainamisha kichwa, maana hesabu ya darasa la pili inamtosha: imepungua miaka ishirini na tisa.

"Mama, nakuomba siku mbili. Mpaka Jumapili jioni. Mkwe wangu ana karai jingine kubwa zaidi…"

"Nani kakwambia nataka asonge mbele?"

Bibi amefumbua macho, na anaongea na dobi peke yake, ingawa duka zima linasikia.

"Akiwa na arobaini na mitatu aliacha kusafiri na bendi. Akapata kazi ya kupiga hapo hapo mjini, siku za mwisho wa juma. Siku nyingine saa kumi na mbili jioni yuko nyumbani. Anakaa dirishani, anapiga, mimi namenya vitunguu. Mbele ya hapo napajua, mwanangu. Kuna mgongo, kuna dawa, kuna foleni za hospitali. Nilikwenda naye mpaka mwisho, sikumwacha njiani. Nimekwenda mara moja. Inatosha."

Mama mkwe anapenga kamasi kwa upindo wa aproni.

"Kwa hiyo, shangazi," anauliza mpwa, "mambo ya taa?"

"Taa zinauzwa dukani. Kofia hiyo ukikosa pa kuiweka, vaa."

Duka linapasuka kwa kicheko, na dobi, ambaye hajacheka wiki sita, anacheka akiwa wa mwisho kuelewa kwamba gitaa ni lake.

Lakini lina masharti. Kuanzia leo mafuta ni marufuku. Atakayelishika anawe kwanza, akaushe. Ijumaa ni ya bibi. Atakuja kutoka kwa binti yake na foronya mbili, na atasikiliza.

"Na akianza kuzeeka, mama?" mke anauliza.

"Mpanguseni kwa kitambaa kikavu, taratibu. Mwaka mmoja, miwili, arudi. Sufuria asiione."

Mama mkwe ameudhika. "Yaani mimi niliyemkuza ndiyo basi?"

"Umemlea vizuri, mwenzangu, nakushukuru. Wote wameona. Sasa mwache kijana akae."

Wanashikana mikono, wajane wawili, mmoja akimwachia mwenzake mafuta mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Dobi anatarajia kumrudisha mwenye mkahawa. Amemwahidi kumfulia vitambaa wiki mbili bure, na mkewe ameandika barua ya kuomba radhi isiyotaja gitaa. Gitaa la nane hataki kulisikia kwa sasa. Ana kazi nyingine, aliyopewa na bibi pale mlangoni wakati anatoka.

"Kitu kimoja," alisema bibi. "Pale katikati, wimbo unapogeuka, wewe unapiga sawasawa. Yeye alikuwa anakosea. Pale pale, miaka yote. Anachelewa kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, halafu anaupata."

Ni saa saba mchana sasa. Mashuka thelathini na sita ya nyumba ya wageni yamekunjwa na kwenda zake, hayana doa. Dobi amenawa mpaka viwiko, amekausha, ameketi na gitaa.

"Nimetoa madoa miaka thelathini na mmoja," anasema. "Hili nitalitia mwenyewe. Ijumaa ijayo atalikuta mahali pake."

Anapiga. Anafika pale wimbo unapogeuka, anachelewa.

"Umekosea," mkewe anasema kutoka kaunta, bila kuinua macho kwenye kifungo anachoshona.

"Si ndiyo nilivyoambiwa nikosee?"

"Umelikosea hilo kosa. Yeye alikuwa anachelewa, wewe umesinzia. Rudia."

Dobi anarudia.